Hodi Kabla ya Kuingia: Faragha ya Muislamu Katika Zama za Simu



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu tukiwa na uhai na afya. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake, Masahaba zake na wote wenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Waheshimiwa masheikh wetu, wazee wetu, mama zetu, dada zetu na vijana wetu: mada yetu ya usiku huu imezaliwa na suala aliloliuliza kijana mmoja hapa hapa, baada ya sala ya tarawehe. Alisema: "Maalim, mimi wakati wa kufuturu naujua kwa simu. Nimesikia kwamba programu hizi za sala huuza habari zetu. Je, niifute?" Kabla hatujamjibu, mzee wetu mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema: "Mwanangu, sisi hatuna la kuficha. Waache watazame, wataona tunasali na kufunga. Na mficha uchi hazai." Watu wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini tulipofika nyumbani tulitambua kwamba kijana yule hakupewa jibu, na kwamba maneno ya mzee wetu ndiyo walio wengi miongoni mwetu wanayoyaamini. Kwa hiyo usiku huu tutajaribu kuwajibu wote wawili.

Tuanze na neno ambalo kila mmoja wetu alifundishwa kabla ya kujua kusoma: hodi. Aliyezaliwa Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu, Tanga au Bagamoyo anajua kwamba mgeni hapiti mlango, hata ukiwa wazi, mpaka apige hodi na aitikiwe karibu. Akipiga mara tatu asijibiwe, hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Adabu hii asili yake ni dini. Sura ya Nur, katika aya ya 27 na ya 28, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe, na ikiwa tutaambiwa turudi basi turudi, kwani hilo ni safi zaidi kwetu. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 58, hata watoto wa nyumbani wameamrishwa kuomba ruhusa katika nyakati tatu ambazo watu hupumzika na kuvua nguo zao.

Wazee wetu waliifanya amri hii kuwa jengo. Aliyewahi kuingia nyumba kongwe ya mawe ya Lamu ameona kwamba mlango haukutupi moja kwa moja ndani. Kwanza kuna daka lenye mabaraza ya kukaa wageni, kisha tekani, kisha njia inapinda ndipo unapofika kiwandani. Mpita njia hata akichungulia haoni wanawake wala watoto. Mwenye nyumba hiyo hakuwa mwizi wala mlanguzi aliyekuwa na jambo la kuficha. Alikuwa mtu mwenye heshima, na sehemu ya heshima yake ilikuwa ni kuchagua nani akomee barazani na nani aingie ndani.

Wanazuoni wa hadithi, Bukhari na Muslim, wamepokea kisa cha mtu aliyechungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (S.A.W.) wakati akijikuna kichwa kwa kitana cha chuma. Mtume alimwambia kwamba lau angelijua kuwa anachunguliwa angelimchoma jicho kwa kitana kile, akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Tuzingatie hapa, ndugu zetu. Mtu yule hakuiba kitu wala hakutia mguu ndani. Kosa lake lilikuwa kutazama tu. Na aliyetazamwa ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, ambaye hakuna aliyekuwa na machache ya kuficha kuliko yeye.

Kwa hiyo, mzee wetu mpendwa, faragha haikuwekwa kwa ajili ya waovu. Na methali uliyotupa ni ya kweli, lakini tuikamilishe: mzazi hujifunua kwa mkunga, ndani ya chumba, na mlango umefungwa. Hajifunui sokoni. Anayejifunua kwa tabibu, kwa wakili au kwa sheikh wake amechagua nani amwone na kwa haja gani. Yanayofanywa na simu zetu ni kinyume cha hayo.

Tuje sasa kwenye suala la kijana wetu. Alilolisikia lilitokea kweli. Mwezi wa Novemba 2020, chombo cha habari cha Marekani kiitwacho Motherboard kilichapisha uchunguzi kuhusu programu ya Muslim Pro, inayotumiwa na Waislamu duniani kote kujua nyakati za sala na upande wa kibla, ambayo wakati huo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98. Ilibainika kwamba ndani ya programu hiyo palitiwa kipande cha programu ya kampuni nyingine, X-Mode, kilichokuwa kikikusanya habari za mahali ilipo simu. X-Mode ilikuwa dalali: kazi yake ni kununua na kuuza habari za mahali walipo watu. Na miongoni mwa wateja wake walikuwamo wakandarasi wanaolihudumia jeshi la Marekani. Habari zile zilipotoka, wenye Muslim Pro walitangaza kwamba wamekata uhusiano na X-Mode. Mwezi uliofuata Apple na Google waliwaamuru watengenezaji wa programu wakitoe kipande hicho. Mnamo Januari 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliizuia kampuni hiyo, iliyokwisha kubadili jina na kuitwa Outlogic, isiuze habari zinazoonyesha kuwa mtu alikwenda mahali nyeti, na nyumba za ibada zimo katika hayo.

Labda mtu atauliza: mahali tu, kuna ubaya gani? Tufikiri pamoja. Simu inayolala kila usiku katika nyumba moja imekwisha kutaja unapoishi. Ikishinda kila siku katika jengo moja, imetaja kazi yako. Ikienda msikitini alfajiri imetaja dini yako, ikikaa hospitali kila Jumanne imetaja maradhi yako, na ikienda ofisi ya wakili wa uhamiaji imetaja hofu yako. Jina halina haja ya kuandikwa. Jirani yako wa miaka 10 hana habari zako zote hizo, na dalali asiyekujua anazo, amezinunua, na atamuuzia mwingine asiyekujua vilevile.

Na haja ya yote hayo ni ipi? Kibla cha London kiko takriban nyuzi 119 kutoka kaskazini, yaani kusini mashariki, na hakibadiliki kwa kutoka Tottenham kwenda Croydon. Nyakati za magharibi na alfajiri ni za mji mzima. Ratiba iliyobandikwa ukutani msikitini humtosha kila mmoja wetu mwezi mzima bila ya kumuuliza alipolala. Programu inayotaka kujua kila hatua yako ili ikwambie wakati wa futari imetaka zaidi ya haja yake, na hapo ndipo pa kusimama tukauliza.

Hayo ni ya makampuni. Sasa tuseme juu ya serikali, na tuseme kwa uadilifu. Mji wetu huu ulishambuliwa tarehe 7 Julai 2005. Watu 52 wasio na hatia waliuawa katika treni na basi, wakiwemo Waislamu. Hakuna Muislamu mwenye akili anayesema kwamba serikali isiwatafute wanaopanga kuua. Kulinda roho ni katika makusudio makubwa ya Sharia yetu. Suala letu si kama serikali ina haki ya kutafuta. Suala ni kwamba inatafuta kwa mlango upi, kwa ushahidi gani, na nani anayeisimamia.

Dini yetu ina jibu, na limetolewa kwa watawala kabla ya kutolewa kwa raia. Sura ya Hujurat, aya ya 12, inakataza dhana mbaya, kisha inakataza upelelezi, kisha inakataza kusengenyana. Utaratibu huo una mafunzo: dhana huzaa upelelezi, na upelelezi huzaa masengenyo. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Muawiya kwamba Mtume (S.A.W.) alionya kuwa anayefuatilia aibu za watu huwaharibu au hukaribia kuwaharibu. Na amepokea pia kwamba Ibn Masud aliletewa mtu aliyetuhumiwa kwamba ndevu zake zinachuruzika pombe, akajibu kuwa tumekatazwa kupeleleza, ila likitudhihirikia jambo tutamshika mtu kwalo. Huo ndio mpaka: lililodhihiri hushughulikiwa, lililositiriwa halichimbuliwi kwa dhana tupu.

Imam Ghazali, katika Ihya, amekitaja kisa cha Khalifa Umar (R.A.) alipokuwa akizunguka usiku katika Madina. Alisikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu yuko na mwanamke na pombe. Alipomkemea, mtu yule alimjibu kwamba ikiwa yeye ameasi katika jambo moja, basi Khalifa ameasi katika matatu: amepeleleza, ameingia nyumba si kwa mlango wake, na hakuomba ruhusa wala hakutoa salamu. Umar hakusema kwamba mimi ndiye mtawala. Alimuuliza kama atatubia akisamehewa, naye akakubali, Umar akaondoka. Ikiwa Umar alisimama mbele ya hoja ya mlevi, ni serikali gani iliyo juu ya hoja?

Katika nchi hii pia imetokea serikali kuambiwa kwamba imepanda ukuta. Mwaka 2010 watu wa Sparkbrook na Washwood Heath, mitaa ya Birmingham yenye Waislamu wengi, waliona kamera zinafungwa kila njia ya kuingilia na kutokea. Zilikuwa zaidi ya 200, na 72 kati yake zilikusudiwa kufichwa zisionekane. Wananchi waliambiwa kwamba ni za kuzuia uhalifu wa kawaida, kumbe fedha zake, pauni milioni 3, zilitoka katika mfuko wa kupambana na ugaidi. Watu walilalamika, wakaandika, wakakutana. Mkuu wa polisi wa eneo jingine, Sara Thornton, alichunguza akatoa ripoti kali, polisi wa pale wakaomba radhi, na mwaka 2011 kamera zikang'olewa. Kilichoumiza zaidi ya kamera ni kutohodishwa: watu wa mtaa mzima wamedhaniwa ubaya, kisha wakadanganywa juu ya dhana hiyo.

Tutaje na la wanyonge zaidi. Baina ya Aprili na Novemba 2020, maofisa wa uhamiaji waliwapekua watu waliovuka bahari kwa mashua ndogo, wakawanyang'anya simu zao na kuwataka namba za siri za kuzifungulia. Ndani ya simu zile mlikuwa na picha za mama zao na namba za watu pekee wanaowajua duniani. Mwanzoni serikali ilikanusha kwamba kuna sera kama hiyo. Waombaji hifadhi watatu walifungua kesi, na mwezi wa Machi 2022 Mahakama Kuu ya hapa London ilihukumu kwamba sera ile ilikuwa kinyume cha sheria. Watu watatu wasio na pasi wala nyumba waliiambia serikali ipige hodi, na mahakama ikawasikiliza.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la ughaibuni peke yake. Wazee wetu waliokulia Tanzania ya chama kimoja wanamkumbuka balozi wa nyumba kumi, ambaye mgeni akilala kwako sharti ajulishwe. Balozi alikuwa na jicho, lakini alikuwa jirani pia. Alikuja msibani, na ukikasirika naye ulijua pa kumpata. Jicho la leo halina baraza la kulifuata. Kenya, mwaka 2019, serikali iliwaandikisha mamilioni ya watu katika mpango wa Huduma Namba. Wanubi wa Kibera, ambao kama ndugu zetu wengi wa Pwani walikuwa wamezoea kuhojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho, walikwenda mahakamani kwa jumuiya yao, Nubian Rights Forum, pamoja na wenzao. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataza kukusanya vinasaba vya watu na mahali hasa wanapoishi kwa vipimo vya setilaiti, na ikasema mpango usiendelee mpaka ziwepo kanuni kamili za kuzilinda habari hizo. Haki ya faragha imo katika ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya, na imo katika ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania. Waliyoyashinda Wanubi hayakuwa zawadi kutoka nje. Waliyadai kwa katiba ya nchi yao.

Sasa, ndugu zetu, tumewasema makampuni na serikali, na masikio yetu yamefurahi. Tugeuke tujitazame wenyewe, kwani funga ya jicho na ya sikio ni yetu, si yao.

Ni wangapi kati yetu huchukua simu ya mke au ya mume aliyelala tukasoma yaliyomo? Ni mara ngapi tumepokea ujumbe wa sauti wa dada yetu anayelia kwa matatizo ya ndoa yake, na kabla ya dakika 10 umefika katika makundi matatu ya WhatsApp, kutoka London mpaka Muscat na Unguja? Tunapiga picha ya skrini ya mazungumzo ya watu wawili tukaisambaza, kisha tunauliza faragha imekwenda wapi. Tunawapiga picha maskini wakipokea zaka na futari ili wafadhili waone, na watoto wa mtu yule wataiona picha ile maisha yao yote. Tunatuma picha ya mgonjwa akiwa na mipira puani, naye hana nguvu ya kusema msinipige. Aya ya Hujurat haikumtaja waziri wala tajiri. Imewaita walioamini.

Jumuiya zetu nazo ziwe za mwanzo. Tuna daftari la watoto wa madrasa, tuna orodha ya wachangiaji wa mfuko wa maziko, tuna nakala za pasi za watu tuliowasaidia. Tunawaomba viongozi wetu wajiulize juu ya kila karatasi: je, tunaihitaji? Nani anayeiona? Lini tutaichana? Sheria ya Kulinda Data ya Uingereza ya mwaka 2018 inatuhusu sisi kama inavyowahusu wakubwa, na amana ilituhusu kabla ya sheria hiyo.

Kabla hatujamaliza, tutaje mambo machache ya kufanya, kwani elimu bila ya amali ni mzigo.

Kwanza, usiku huu fungua mipangilio ya simu yako utazame ni programu zipi zilizoruhusiwa kujua mahali ulipo. Programu ya sala iondolee ruhusa hiyo, uichagulie mji wa London kwa mkono wako. Itakuadhinia vilevile.

Pili, ujue haki yako. Katika nchi hii unaweza kuiandikia kampuni au idara ya serikali ukitaka nakala ya habari zako walizonazo. Kwa kawaida haitozwi ada, na wanatakiwa wajibu ndani ya mwezi mmoja. Wapo wanaoruhusiwa kuzuia baadhi ya habari, lakini usipotendewa haki unaweza kuyapeleka malalamiko yako kwa wanaoisimamia sheria ya data.

Tatu, wasafiri wajue sheria ya mpakani. Chini ya Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000, ofisa wa uwanja wa ndege anaweza kukuzuia na kukuhoji kwa muda usiozidi saa 6, bila ya kulazimika kuwa na shaka mahususi juu yako, na anaweza kuitaka simu yako. Kukataa kwa makusudi kumewafikisha watu mahakamani. Hatuwaambii mgombane na ofisa. Tunawaambia mwe na adabu, mwombe wakili, mwandike yaliyotokea, na msisafiri mmebeba siri za watu wengine ambazo safari yenu haizihitaji.

Nne, usitume picha ya pasi yako wala ya kadi ya benki ndani ya kundi, hata kama anayeomba ni shemeji aliye Tanga. Mpigie simu, uisikie sauti yake, umtumie yeye peke yake, kisha mfute nyote wawili.

Na tano, ukiletewa la mtu, likomee kwako. Mwenye kumsitiri Muislamu ameahidiwa sitara ya Mwenyezi Mungu duniani na Akhera, na hakuna kati yetu asiyeihitaji.

Kijana wetu, jibu lako ni hili: si lazima uifute, lakini ifungie mlango, na ikikataa kufungika, ratiba iko ukutani. Na wewe mzee wetu, tunakushukuru kwa kutuchekesha na kutufikirisha. Tunajua kwamba huna la kuficha. Lakini tulipokutembelea wiki iliyopita tulipiga hodi mara mbili, tukasubiri nje na baridi ile mpaka ulipoitikia karibu. Hatukuona kwamba unatuficha jambo. Tuliona kwamba nyumba ni yako.

Ewe Mola wetu, zisitiri aibu zetu, na uziondoe hofu zetu. Tujaalie tuwe wenye kuhifadhi amana za watu kama tunavyopenda zihifadhiwe zetu. Wape wanaotutawala uadilifu, na utupe sisi ujasiri wa kuwakumbusha kwa hekima. Zikubali funga zetu na visimamo vyetu, na uwarehemu wazee wetu waliotangulia waliotufundisha kupiga hodi. Aamin.

Wa-akhiru daawana anil-hamdu lillahi Rabbil-alamin. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.